Mlango wa Kushoto

Mimi sina subira na fundi anayejaza masitiki, ule uji mzito wa kuziba mabonde, mahali pa nyundo. Bati lililobonyea hunyooshwa, halifichwi. Kwa hiyo Valéry, karani wa serikali, aliponiletea mlango wa Corolla karakanani kwangu Buyenzi, Machi 1996, nilipitisha kiganja juu yake na kuanza kumtukana aliyeutengeneza.

"Nilinunua tu ku soko, kwenye vyuma vya zamani," alijitetea. "We nyoosha, Amissi, halafu upige peinture, rangi ya gari yangu."

"Masitiki iko mingi sana! Mi nitatoa yote kwanza."

Akacheka, akaenda kazini. Nikashika msasa. Rangi nyeupe ilipokwisha, ikatokea buluu. Buluu ile niliichanganya mwenyewe. Chini ya kitasa kulikuwa na kiraka cha shaba kilichokaa kombo, nilichokichomelea siku kaka yangu Sulemani alipokuwa akinichekesha.

Sulemani alikuwa dereva wa teksi, Corolla ya buluu. Mnamo Oktoba alipeleka abiria upande wa Cibitoke, kulikokuwa na vita, hakurudi. Miezi mitano nilimwambia mkewe, Kaltum, kwamba alivukia Uvira, ng'ambo ya mpaka, kwamba kuna watu walimwona. Hakuna aliyemwona. Niliurudia uongo ule hata nikauamini.

Nikagonga kwa nyundo, masitiki yakabanduka kipande kizima. Matundu matatu ya risasi, kingo zake zimeingia ndani. Nilishtuka hadi nyundo ikanidondokea mguuni, na sikusikia maumivu. Nikabaki nasema, "Siyo huu. Siyo huu." Mkono wangu wenyewe ulikuwa juu ya kiraka changu.

"Shemeji, asalaam aleikum." Kaltum alikuwa ameniletea maharagwe, kama kila adhuhuri. "Mbona nyundo iko chini? Kuna habari ya Uvira?"

"Apana."

Nikavuta gunia niufunike mlango. Nilichelewa, buluu alikuwa ameshaiona. Akaweka sahani chini, akanisukuma pembeni, akaingiza kidole kwenye tundu la katikati, chote.

"Mutu akikaa ku volant," akauliza taratibu, "hapa panamufikia wapi?"

Niliinama kuokota nyundo.

Hakunisubiri. Alivuta kiti changu, akausimamisha mlango ubavuni mwake mwa kushoto, upande wa dereva kwetu, akakaa, akanyoosha mikono mbele kana kwamba ameshika usukani. Kisha akainama kutazama tundu linamfikia wapi.