Maneno Marefu ya Mshenga

Mimi simwamini mkalimani. Hapa Guangzhou mkalimani hula kwa muuzaji, akala na kwa mnunuzi, kisha akakwambia umepunguziwa. Lakini posa ya Muzdalifa, mtoto wa marehemu kaka yangu, ilitoka kwa kijana wa Karachi mwenye duka la vitambaa soko la Zhongda, na ami yake hajui neno la Kiswahili. Ikabidi nimwombe Dokta Burhani awe mshenga.

Burhani ni Mpemba, anafundisha chuo kikuu anachosoma Muzdalifa. Umri wake wote ameumalizia kwenye hadithi za kale za Kiajemi, akitafuta zilivyohamia kwenye Kihindustani. Watu wanamsifu. Mimi nilijiuliza, mtu asiyepakia hata kontena moja anakula nini?

Walikaa ofisini kwangu, jengo la Tianxiu, yeye na ami wa kijana. Burhani akaanza na beti za Kiajemi, mzee akatikisa kichwa kwa raha. Kisha wakahamia Kihindustani, wakashusha sauti, wakaongea mpaka chai ikapoa.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anakushukuru kwa mapokezi, Bi Zulekha."

Maneno yote yale, shukrani tu? Simu yangu ilikuwa chini ya mtandio, inarekodi.

Wiki ile ile posa ikavunjika. Mzee alileta shali nzuri na salamu, eti kijana wao hajawa tayari. Nilijua tu: Burhani kahongwa na mwenye binti mwingine. Nikaipeleka rekodi kwa Hafidh, muuza biriani wa mtaa wa Xiaobei aliyekulia Karachi.

Hafidh alisikiliza hadi mwisho, akazima jiko. "Dada, hapa hakuna kamisheni. Dokta anamwambia mzee binti analia, hataki, na nyumbani hana wa kumsikiliza. Anamwomba wajitoe wao, aibu isimwangukie mtoto. Mzee anajibu, hata sisi tuna mabinti."

Nikarudi nyumbani nimefura. "Mtu baki umemwambia, mimi shangazi yako umenificha?"

Muzdalifa alikuwa anakunja nguo. "Nilikwambia, shangazi. Ukasema nina bwana chuoni, ukaipekua simu yangu."

Kweli niliipekua. Sikukuta kitu, na huko kutokukuta kulinitia shaka zaidi. Nilimtazama mtoto wa kaka yangu, roho ikaniuma sana.

"Sasa nakuamini," nikamwambia.

Akanibusu mkono, akaomba ruhusa aende maktaba. Nikamruhusu. Alipofunga mlango nikasimama dirishani, nione anaelekea wapi.