Chaneli ya Tano

Tik. Tik. Tik. Gizani, kabla jogoo wa jirani hajawika, nilisikia kidole cha Rosa kikizungusha swichi ya chaneli ya redio.

"Rosa, nyathina, mwanangu, rudi ulale."

"Natafuta Baba."

"Ngoja kuche."

Sikumwambia kwamba redio imekufa, na kwamba mimi ndiye niliyeiua, jana jioni.

Dishon, babake, hutengeneza injini za mashua. Gugu maji lilipofunika ghuba yetu, mashua zilihama, naye akazifuata hadi kisiwa cha Mfangano. Kabla ya kuondoka alitandika waya mrefu wa shaba juu ya mabati yetu hapa Kaloleni, Kisumu, akanifundisha mpaka nikapita mtihani wa redio ya ridhaa, ile ya kuzungumza na watu wa mbali. Leseni yangu ilipofika tukawa tunaongea kila Jumapili, saa nne asubuhi. Siku ya kwanza nilishika kitufe cha kusemea nikasahau kukiachilia.

"Nyar Bondo," alisema nilipokumbuka, akiniita binti wa Bondo kama kawaida yake, "nipe zamu na mimi! Hata mhubiri humeza mate."

Jumapili iliyopita hakutania.

"Wenye mashua wanavuka kwenda upande wa Tanzania Jumapili ijayo. Niende nao ama nirudi nyumbani? Usijibu sasa, fikiria. Tajiri wangu wa mashua atangoja mpaka saa nne. Nisipokusikia, nitapanda."

Sauti ya dereva wa lori ikaingilia: "Mama Rosa, mwambie arudi! Tumechoka kusikiliza mapenzi yenu!" Mwenzake akacheka.

"Umesikia hao?" Dishon akasema. "Tuhame. Namba mpya ya masafa iko nyuma ya daftari langu. Iweke chaneli ya tano."

Kufikiria nini? Jibu nilikuwa nalo tangu siku aliyoondoka. Lakini redio yetu ni kuukuu, ilitoka ofisi fulani, haina vitufe vya namba. Namba huingizwa kwa kompyuta tu. Kwa hiyo jana niliibeba hadi darasa letu la jioni la kompyuta, pamoja na waya na disketi alizoniachia Dishon. Nikakaa kwenye kompyuta ya nyuma, ile ya Linux, yenye kioo cheusi na herufi nyeupe, ambayo wenzangu huiita Mjane kwa sababu hakuna anayeisogelea.

Daftari lilisema wazi: kwanza isome redio, uhifadhi yaliyomo, ndipo uiandike. Kusoma ni dakika nne.

Mwalimu Waliaula naye ametufunza jambo moja kila siku. "Stima ya Kisumu haina adabu," husema. "Ukimaliza mstari, peleka kazi yako ikahifadhiwe. Usingoje." Wote tumezoea hivyo. Vidole vyetu hukimbia vyenyewe.

Basi nilijaza mstari wa tano kwenye jedwali tupu la chaneli. Taa zikafifia mara moja. Nikaruka zile dakika nne, nikaamuru kompyuta iandike. Ikaandika kila kitu: namba yangu moja, na utupu wote uliobaki, juu ya yale yaliyokuwa ndani ya redio, hata mipangilio inayoiendesha.

Stima haikukatika. Iliwaka mpaka mwisho wa somo.

Redio ilipowashwa ilionyesha mistari mitupu. Mwalimu akaizima, akaiwasha, akavua miwani.

"Mama Rosa, ulihifadhi ya zamani?"

"Hapana, Mwalimu."

"Una redio nyingine kama hii, tunakili yaliyomo?"

"Hapana."

Akaisukuma kwangu polepole. "Basi hata mimi sina la kufanya, mama."

Ilikuwa saa moja usiku. Alipo Dishon hakuna simu, na kwenda Mfangano ni safari ya siku nzima, basi kisha boti. Nilitembea hadi nyumbani nimeibeba redio mgongoni kwa leso, kama mtoto mwenye homa.

Kukacha. Nilimwosha Rosa, nikampa uji. Kanisani hatukwenda. Saa nne ilipokaribia nilibana waya kwenye betri hata hivyo, nikasema moyoni, labda. Mtu husoma jioni baada ya kufua nguo za watu kutwa kwa sababu ya hiyo labda.

Mistari mitupu.

Nilishika kitufe. Ile taa nyekundu ya kutuma haikuwaka. "Rudi," nilisema. "Dishon, rudi nyumbani." Safari hii nilikumbuka kukiachilia. Nikangoja zamu yake. Hata ule mkwaruzo wa kawaida haukusikika.

Rosa aliweka kikombe chini, akaitazama saa ya ukutani.

"Mama, Baba anangoja umjibu."