Mpangaji Asiyefukuzika

Baada ya mimi na shule kushindwana, shangazi alinipa kazi ya kuosha chupa kwenye maabara yake. Siku moja alitaka kuninyang'anya kazi hiyo.

"Husuuzi," akasema. "Sabuni yako inaniulia bakteria."

Nikamwambia nasuuza mpaka vidole vinakunjamana kama vya bibi. Wapi. Alikuwa anatafuta bakteria waliopoteza kipete. Kipete ni kijikamba cha vinasaba kilichofungwa duara, wenyewe wanakiita plasmidi, kinakaa ndani ya bakteria kama mpangaji. Bakteria akigawanyika, mara mojamoja mtoto anatoka bila kipete. Shangazi aliwataka hao, na hao ndio waliokuwa wanakufa. Akasema ni dhaifu, sabuni kidogo tu inawamaliza, na kesho nisije.

Mimi subira sina. Nikachukua chupa niliyoiosha, nikajaza maji, nikayanywa yote mbele yake. Akaniambia maabara hakuna anayekunywa kitu, kwa hiyo sasa nina makosa mawili. Lakini hata povu sikutema. Akazigeukia chupa alizooteshea bakteria, akaziangalia weee. Wenye kipete walikuwa wanastawi mlemle, kwenye sabuni hiyohiyo anayoisema.

"Sumu anayo mpangaji," akasema taratibu. "Na dawa yake anayo yeye huyohuyo."

Kumbe kipete kinatengeneza sumu, halafu kinatengeneza na dawa ya kuizuia. Sumu inadumu, dawa inaharibika upesi. Mtoto asiye na kipete anarithi vyote viwili kwa mama yake. Dawa ikiisha, hana wa kumtengenezea nyingine, na sumu bado imo. Kwisha habari yake. Nikasema huyo si mpangaji, ni jambazi.

Shangazi akawapa bakteria kipande kingine cha vinasaba, kinachotengeneza dawa peke yake. Akawaotesha kwenye chupa zangu zilezile. Walipoota akawapaka kwenye visahani, navyo vikajaa vitone vyeupe vya bakteria, wamekitupa kipete na wamenawiri, hawana habari.

Nikangoja samahani. Shangazi na samahani hawajawahi kukutana. Alinisema kuhusu yale maji mpaka akachoka, ya kunifukuza hakuyagusa tena, kisha akanisukumia bakuli la chakula, kama kawaida yake akishamsema mtu. Nikala.

Jioni shibe ilikuwa imekwisha, maneno yake bado yananiwasha masikioni. Kesho yake nikarudi kazini. Ningefanyaje, na bakuli liko kwake?