Kuvu Kwenye Mashua ya Mahari

Wazee wengine huomba mahari ya ng'ombe. Mzee Opicho wa Makongeni alimwomba Mureithi mashua, tena isiwe ya kununua, na ijengwe uani kwake, mbele ya mlango, ili aione ikikua.

"Ng'ombe ukiwapeleka kwetu Budalang'i, mto unawabeba," alisema. "Mimi nataka kitu ambacho mafuriko yakija, chenyewe kinafurahi."

Mureithi alikuwa fundi wa sofa kando ya Jogoo Road. Kwao ni milimani huko Nyeri, na maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona ni ya bomba la mtaa lilipopasuka. Lakini alimpenda Nasike, binti wa mzee, na mtu akipenda huambiwa ajenge meli akauliza tu misumari iko wapi. Akanunua mbao za saipras, akaanza kazi.

Tatizo la kwanza halikuwa mashua, lilikuwa mama mkwe. Siku ya kutambulishwa, Mureithi alimpa mkono kwa adabu zote, na Mama Nasike akakimbilia jikoni mbio, sufuria zikaanguka nyuma yake. Nasike alicheka hadi akakaa chini. Kisha akamweleza kwamba kwao mwanamume na mama wa mkewe hawashikani mikono, hawaketi pamoja, wala hawaongei ana kwa ana. Ni heshima.

"Heshima gani hiyo ya kukimbiwa?" Mureithi aliuliza.

"Utazoea," Nasike akamjibu.

Akazoea, maana hakuwa na budi. Katika ua wenye bomba moja, heshima ina kazi. Mama Nasike alikuwa akikohoa kabla ya kutoka nyumbani, na Mureithi akisikia kikohozi hugeukia ukuta hadi apite. Kufikia wakati mashua ina mbavu na mbao za ubavuni, fundi alikuwa amezijua nyufa zote za ukuta ule.

Mvua za masika zikaja. Mureithi akaokota bango la nailoni la mwanasiasa fulani aliyeshindwa uchaguzi, akaifunika mashua, akaifunga kamba pande zote kama mzigo wa basi. Aliyeshindwa akabaki akitabasamu mvuani, na Mureithi akarudi kwenye sofa zake.

Alipoifungua, zilibaki siku chache wajomba na baba wadogo wafike kutoka Budalang'i kuipokea mahari. Harufu ilimtangulia kumsalimu. Ndani, kuanzia omo hadi tezi, mbao zilikuwa zimeota kuvu, ya kijani huku, nyeusi kule, yenye manyoya mahali pengine.

Mureithi aliogopa, na hakuficha kwamba ameogopa. Wazee wakiiona hivi watasema mtoto wa milimani amemletea ndugu yao kitu kilichooza, watageuza njia, na Nasike atarudi kungoja, kama si kungoja mtu mwingine kabisa. Akafikiri kama fundi wa sofa, kwamba kitambaa kizuri husitiri mengi. Akafungua mkebe wa rangi ya buluu, akachovya brashi.

Kikohozi kikasikika. Kwa mazoea, akageukia ukuta.

"Simba," sauti ikasema nyuma yake.

Akachungulia kwa pembe ya jicho. Kwenye kamba ya nguo palianikwa blanketi zito lenye picha ya simba. Chini ya blanketi zilionekana ndara mbili na miguu ya Mama Nasike ndani yake.

"Simba wewe, si unajionea? Kuna mtu anataka kupaka kuvu rangi. Ikipakwa itaendelea kula huko ndani polepole. Siku mbao zikitoboka, mzee wangu atakuwa katikati ya mto."

Mureithi aliduwaa, brashi ikidondosha buluu kwenye kiatu. Nasike aliwahi kumwambia kwamba babu yake mzaa mama alikuwa fundi wa mashua huko Port Victoria. Akaongea na ukuta.

"Simba, sasa huyo mtu afanye nini?"

"Kwanza atupe hilo bango. Ubao ukifungwa nailoni unatoka jasho kama mtu. Kifuniko kikae juu kama paa, upepo upite chini. Halafu asugue na brashi kavu, afunge kitambaa mdomoni, hilo vumbi si la kuvuta. Asimwage maji! Afute na siki, ikauke, afute tena."

"Na kama imeshaoza?"

"Achome na msumari. Penye msumari unazama, huo ubao utoke. Na rangi ingoje mpaka mbao zikauke kabisa. Simba, nimemaliza, nina mboga jikoni."

Siki ilitoka kwa muuza chipsi wa karibu na Soko la Burma, ambaye alikuwa nayo ya kutosha. Majirani walisogeza kamba zao ili mashua, iliyoinuliwa juu ya mawe, ipate jua lote la ua. Jirani mmoja aitwaye Wangu, wa nyumba ya pembeni, alilalamika kwamba sasa anafua ndani ya kachumbari, kisha akachukua brashi akasugua ubavu mzima. Msumari ulizama kwenye ubao mmoja. Mureithi aliung'oa huku moyo ukimuuma, akaweka mwingine.

Wazee walipofika, mashua ilikuwa kavu, imara, lakini bila rangi, na madoa hafifu yalionekana. Lusweti, mdogo wake Opicho, ni mtu anayeweza kupata mfupa kwenye uji. Akainama.

"Hii ni nini? Kuvu?"

"Ilikuwa kuvu, baba," Mureithi akasema. "Ni mimi niliifunga na nailoni. Nimeisugua, ubao mmoja nimetoa. Msumari huu hapa, jaribu popote."

Lusweti alijaribu popote kweli. Alichoma, akagonga, akanusa, akapanda ndani akaruka. Msumari haukuzama. Akashuka, hajaridhika bado.

"Kwenu hakuna hata bwawa. Nani alikufundisha?"

Mureithi akisema ni Mama Nasike, amekiri mbele ya wazee kwamba amevunja mila, na mama wa watu ameaibika. Akisema ni yeye mwenyewe, ameiba. Nasike alikuwa amejishika mdomo.

"Ni simba," Mureithi akasema.

"Simba gani?"

Mureithi akaelekeza kidole kwenye kamba. Blanketi lilitikisika kidogo. Chini yake ndara mbili zilikuwa zimesimama tuli.

Mzee Opicho aliziangalia ndara zile. Kisha mabega yakaanza kumcheza.

"Lusweti, acha kijana," akasema. "Huyo simba namjua. Mimi mwenyewe amenifundisha tangu nimwoe."

Wazee walicheka mpaka mmoja akaegemea mashua. Lusweti alijaribu kununa, akashindwa, akaupiga ubavu wa mashua kwa kiganja, akatangaza kwamba imepokewa. Nasike akapiga kigelegele, na Wangu akamjibu kutoka kwenye bomba.

Vifijo vilipopungua, kikohozi kikasikika. Mureithi akageukia ukuta.

"Nasike," sauti ikasema kutoka nyuma ya blanketi, "mpe mwanangu chakula. Tangu asubuhi hajala."