Sharti la Kutocheza

Fotini Karvelas alimdharau Graham Pellow tangu siku alipomwona akila dagaa wa kukaanga kwa kisu na uma, vichwa akivitenga pembeni ya sahani kama mtu anayepanga ushahidi. "Huyo ndiye wa kututetea?" alimwuliza mumewe siku hiyo. Mumewe, aliyeamini vyama na vikao kama wengine wanavyoamini mitume, akamwambia amwache mwenyekiti ale anavyotaka. Mume alikwisha kufa. Pellow alikuwa bado mwenyekiti wa Umoja wa Wenye Mikahawa na Burudani wa Sydney, na Fotini alikuwa bado mwanachama, kwa heshima ya marehemu tu.

Mkahawa wake ulikuwa mtaa wa Marrickville, wa meza kumi na mbili, na kila Jumapili mchana shemeji yake Manolis aliacha jiko akashika buzuki, gitaa la Kigiriki. Jumapili moja ya Oktoba, mzee Panagis Lourantos alikuwa akitimiza miaka themanini. Walipomaliza mwanakondoo, Manolis akapiga wimbo wa kwao. Mzee akasukuma kiti, akafungua mikono, akaanza kuzunguka taratibu, macho chini, kama anayetafuta kitu alichokiangusha. Wajukuu wakapiga magoti kumzunguka, wakimpigia makofi.

Hapo akaingia Craig Dunlevy, mkaguzi wa halmashauri, kitambulisho kikining'inia kifuani. Nyuma ya mkahawa, palipokuwa na kiwanda cha matairi, palikuwa pameinuliwa jengo la fleti, na mpangaji mmoja alikuwa amelalamika kuhusu kelele.

"Mama, yule bwana anafanya nini?"

"Anatimiza miaka themanini."

"Namaanisha sasa hivi. Anacheza?"

"Wewe unaonaje? Anapiga deki?"

Dunlevy hakucheka. Watu wa namna yake, kwa maoni ya Fotini, kicheko walikisalimisha siku waliyopewa kitambulisho. Alifungua leseni ya mkahawa kwenye simu yake akasoma kwa sauti sharti la kumi na nne: wateja wakae vitini, na kucheza dansi ni marufuku. Liliwekwa zamani na mtu asiyekumbukwa, kwa sababu isiyojulikana. Kisha akaandika, na Fotini akachungulia begani mwake: watu watano walipiga magoti, mmoja alicheza kwa bidii.

"Kwa bidii!" Manolis alimaka. "Huyo ana goti la chuma!"

Mkaguzi akasema kosa lingine kama hilo na leseni yote itaangaliwa upya, akatoka. Mzee Panagis alikuwa amekwisha keti.

"Binti yangu, nimekuletea balaa."

"Balaa limeingia lenyewe kwa miguu yake, mzee. Kula keki yako."

Hakuila. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ya pili yake. Mkewe alisema kwenye simu kwamba mzee anaona aibu. Tangu aje nchi hii ana miaka kumi na tisa, hakuna ofisa aliyewahi kuandika habari zake.

Fotini angeweza kuyasamehe yote, lakini si hilo. Aliiandikia halmashauri akitaka sharti lifutwe, akapewa siku ya kusikilizwa. Halafu, kwa kuwa marehemu angefanya hivyo, akampigia Pellow.

Pellow alikuja mwenyewe, amevaa koti la buluu na tabasamu lililopigwa pasi pamoja nalo. Akakaa, akaagiza kahawa, akaipuliza muda mrefu.

"Fotini, mambo haya yana milango yake, na mimi ninaijua. Niachie mimi. Tena afadhali usije kabisa siku ile."

"Kwa nini nisije kwenye kesi yangu?"

"Utakasirika. Wale watu hawapendi hasira."

Alipoondoka, Manolis alisimama akimtazama dirishani. "Shemeji, mtu anayekuzuia kwenda msibani mwako, mchunguze. Huenda ndiye aliyechimba kaburi."

Basi kesho yake asubuhi Fotini alikwenda halmashauri, akaomba jalada lake. Karani alimpa bila kuinua uso. Lilikuwa wazi kwa yeyote mwenye haja nalo. Ndani yake mlikuwa na barua ya Umoja, yenye sahihi ya Pellow. Haikumtetea hata kwa neno. Iliiomba halmashauri isilegeze masharti ya mikahawa midogo, na dansi ibaki katika "majengo makubwa yaliyoandaliwa ipasavyo." Fotini alijua majengo hayo ni ya nani. Wajumbe wa kamati kuu ya Umoja walikuwa sita, na wanne walikuwa na baa kubwa zenye ukumbi wa dansi. Aliomba nakala ya barua, akaisoma mara mbili, amesimama kwenye korido. Hakushangaa hata kidogo, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi: kwamba alimjua mtu kwa jinsi anavyokula samaki, na bado akampa miaka kumi na moja ya uanachama.

Siku ya kusikilizwa, saa nne asubuhi, Pellow alipomwona akiingia na Manolis, tabasamu lilimteleza kidogo kisha akalirudisha mahali pake. Mwenyekiti wa jopo, Bi Meredith Hoang, mwanamke mwenye miwani minene na haraka ya kwenda kwingine, alimpa nafasi ya kumwuliza mkaguzi.

"Bwana Dunlevy," Fotini alisema, "kucheza ni nini?"

Mkaguzi akakohoa. "Ni... mwendo wa mwili unaofuata muziki."

"Nikitikisa kichwa?"

"Inategemea."

"Bega moja?"

"Bega moja pengine hapana."

"Mawili?"

Watu wa nyuma walianza kucheka. Bi Hoang akavua miwani. "Bwana Dunlevy, yule mzee alifanya nini hasa? Tuonyeshe."

Akawa hana pa kukimbilia. Dunlevy alisimama, akatandaza mikono kama ndege wa plastiki, akageuka nusu, akakwama. Shingo ilimwiva kwa aibu. Fotini alimtazama bila huruma yoyote.

"Hiyo siyo dansi, wewe ulichofanya," Manolis alisema kutoka kwenye benchi. "Sharti halikuhusu. Kaa."

Ukumbi ulipotulia, Fotini akafungua barua ya Umoja akaisoma yote, polepole, mpaka kwenye sahihi. Pellow akainuka.

"Maneno hayo yanahitaji kueleweka katika mazingira yake, Fotini. Tulikuwa tunaangalia maslahi mapana."

"Mapana kama ukumbi wa dansi?"

"Unaingiza hasira."

"Hasira huwa ninawawekea watu ninaowajali, Graham. Wewe nakusoma tu."

Jopo lilifuta sharti la kumi na nne kwenye leseni yake, ila madirisha ya nyuma yafungwe na muziki ukome saa mbili usiku. Sharti lenyewe lilibaki kwenye leseni za wengine; kila mmoja aje aombe peke yake. Bi Hoang alilisema hilo huku akikusanya karatasi, kana kwamba ni jambo dogo.

Haikupita wiki, taarifa ya Umoja ikatoka. Juu yake waliandika: Umoja Wapata Ushindi wa Haki ya Kucheza. Chini palikuwa na picha ya Pellow mbele ya mlango wa Fotini, aliyojipiga siku ile ya kahawa. Jioni akapiga simu, sauti imejaa asali, akimwalika kwenye chakula cha mwaka apokee tuzo.

"Tuzo ya nini?"

"Ya ushirikiano."

Fotini alikata simu bila kuaga. Akaandika barua ya kujitoa, mistari miwili, akatoa nakala arobaini za ile barua ya Pellow, akatoka nazo mchana kweupe kuingia mkahawa baada ya mkahawa, kwa Wavietnamu, kwa Wareno, kwa Walebanoni. Hadi Desemba, kumi na saba walikuwa wamejitoa. Pellow hakuanguka, alichaguliwa tena, maana povu halizami. Lakini sasa alikuwa mwenyekiti wa watu wanne na marafiki zao.

Alhamisi moja Bibi Tuyet wa duka la supu ya tambi alikuja na leseni yake, akaiweka mezani kwa Fotini.

"Sharti langu ni la tisa," alisema. "Kwangu hawaruhusu kuimba."

"Nani huimba kwako?"

"Hakuna. Lakini wananiudhi."

Fotini akavuta kiti, akafungua kalamu. "Jina lako lote, dada. Taja herufi moja moja, maana wale hata kusoma hawajui."