Nguzo ya Dukani kwa Vahit

Hebu niambie, wewe uliyelala salama jana: uliwahi kuuliza nyumba yako imebebwa na nani?

Bi Melahat hakuwahi kuuliza. Asubuhi ile alikuwa jikoni kwake, ghorofa ya tatu, upande wa Asia wa Istanbul, anakomba mabiringanya kwa kijiko kirefu apate kuyatunga kwenye uzi na kuyaanika roshani kwa ajili ya majira ya baridi. Biringanya moja likaanza kubingirika lenyewe. Likavuka meza, likaanguka, likashika njia ya ukumbini, likaenda kugota mlangoni. Bi Melahat akalifuata. Sakafu ambayo tangu ahamie hapo ilikuwa sawa, leo ilikuwa na mteremko. Akavaa viatu vyake vilivyokuwa nje ya mlango, akashuka ngazi taratibu, akaingia duka la makochi la Vahit lililo chini kabisa.

Vahit alikuwa amekata nguzo. Ilikuwa katikati ya duka, nene, na wateja walikuwa wakilalamika kwamba inaficha lile kochi la kona. Vumbi la zege lilikuwa halijatua. Juu, nondo zilichomoza darini kama mizizi ya kitunguu.

"Vahit, mwanangu, nguzo iko wapi?"

"Ilikuwa pambo tu, mama. Pita hapo katikati uone duka lilivyopanuka."

Akapita. Aliposimama pale ilipokuwa nguzo, uzito ukamshukia kichwani polepole, kama mtu anavyotwishwa ndoo ya maji kisimani. Dari lilikuwa juu na Bi Melahat ni mfupi, lakini uzito haukujali hilo. Akaisikia nyumba nzima utosini: friji ya ghorofa ya tano, vitabu vya mwalimu mstaafu, mtoto wa jirani yake Nazan anayekimbia na soksi, na mumewe Rasim anayekoroga sukari kwenye chai. Akainua mguu mmoja aondoke. Ufa ukatambaa ukutani, ukapanda mpaka kwa Nazan, na mtoto akalia. Akaurudisha mguu. Ufa ukasimama hapo hapo ulipofikia.

Tangu siku hiyo akawa anaishi dukani. Rasim alimletea supu ya dengu, akamlisha kwa kijiko, akamfuta kidevu, akamrekebishia kitambaa cha kichwa. Bi Melahat alilala wima. Majirani wakipita na mikate yao ya ufuta walimmegea kipande, wakamuuliza anataka nini, naye akajibu, "Sitaki kitu, wanangu." Wateja walimzunguka wakasema samahani mama, tunapima kochi. Vahit alinung'unika kidogo.

"Mahali pale pale, unene ule ule," alimwambia Rasim. "Tena hii inakohoa."

Ng'ambo ya barabara, katikati ya duka la miwani, alikuwa amesimama vivyo hivyo Bwana Kenan, aliyekuwa tarishi wa posta. Wale wawili walisalimiana kwa macho, maana vichwa havikuwa huru kuitikia. Mwisho wa mtaa kilibaki kibao cha kijani kinachoonyesha uwanja wa watu kukusanyikia ardhi ikitetemeka. Kilikuwa kimesimama mlangoni pa jumba la maduka, lililojengwa juu ya uwanja wenyewe.

Kisha serikali ikatangaza msamaha wa majengo yaliyokiuka sheria, yapewe vyeti, na mkaguzi akaja. Alikuwa kijana mwenye adabu. Alimgonga Bi Melahat begani kwa kalamu, akatega sikio, akagonga tena.

"Umri, mama?"

"Sabini na moja."

"Jengo halijafika hata arobaini. Nguzo imekomaa kuliko nyumba." Akapiga mhuri. Wakazi wakakitundika cheti ukumbini, karibu na visanduku vya barua, na yule mwalimu akasema sasa nyumba zao zimepanda thamani.

Alasiri moja ardhi ikatetemeka. Si sana. Bilauri za chai zikagongana kwenye visahani, taa za duka zikayumba, na uzito ukamwendea Bi Melahat mara kulia, mara kushoto, kama punda anayekataa daraja. Akakaza visigino. Akauma kitambaa. Kitu kikavunjika ndani ya goti lake, akakisikia, naye hakusogea. Jengo likatulia.

Majirani wakashuka wote kumshukuru. Mmoja mmoja waliubusu mkono wake na kuuweka kwenye paji la uso, kama siku ya sikukuu. Watoto waliachwa juu wamalize katuni.

"Mungu akuzidishie nguvu, mama. Unataka nini tukuletee?"

Kabla hajajibu, Vahit alitoka nyuma ya duka ameshika chaki na keekee. Nguzo ya nyuma alikuwa ameshaichora msalaba.

"Maadamu mmekusanyika," alisema. "Hii nayo inaniziba stoo. Nazan, dada, wewe una mabega mazuri. Hebu simama hapa tuone."

Wakacheka. Nazan naye akacheka, akavua sweta, akampa Rasim amshikie. Akaenda akasimama kando ya ile nguzo, akanyoosha shingo. Vahit akachomeka keekee kwenye umeme.

"Nazan, ondoka hapo," alisema Bi Melahat.

Keekee ilinguruma, ikanyamaza.

"Pandeni mkawachukue watoto. Mtoke nje wote. Na mmoja avuke akamwambie Kenan."

"Tutoke twende wapi, mama?" aliuliza Nazan. "Uwanja si umejengewa maduka?"

"Mama, leo una nini?" alisema Vahit. "Si umeshazoea? Cheti tunacho."

Wote walikuwa wakimtazama, na kila mmoja, bila kukusudia, akatupa jicho darini. Rasim peke yake alikuwa ameshaanza kupanda ngazi kuwafuata watoto.

"Nataka kuketi," alisema Bi Melahat.