Kutoka Hayes hadi Umeå

Kompyuta haijapata kufiwa. Ingekuwa imefiwa, isingemwambia shemeji yangu Hafidh kwamba kutoka kwangu Hayes, Landani, hadi Umeå, huko juu kabisa Sweden, ni masaa mawili na robo.

Alinipigia simu alfajiri. "Jokha, hospitali wanatukabidhi maiti leo asubuhi. Tunamuosha Siham, tumzike baada ya adhuhuri. Nimeangalia kwenye internet, ni masaa mawili na robo tu. Utawahi."

"Nisubirini, Hafidh. Mimi ndiye wa kumuosha."

"Tunakusubiri, shemeji."

Siham ni dada yangu, tumbo moja. Mama yetu tulimuosha sisi wawili, na pale pale tukaahidiana: atakayetangulia, mwenzake amuoshe. Kwetu Pemba hilo halina mjadala. Nikatia karafuu maiti na udi mkobani, nikatoka mbio.

Hapa Hayes ndege zinatupitia juu ya mapaa mpaka vikombe vinatetemeka kabatini, lakini hakuna hata moja iendayo Umeå. Huyo aliyeandika masaa mawili na robo alipiga rula juu ya ramani, basi, kazi imekwisha. Hakusimama foleni Heathrow amevuliwa viatu. Hakukalishwa Stockholm kungoja ndege ndogo, anapiga simu na Hafidh hapokei. Mimi nilikaa. Nilitamani kumtukana mtu, ila Kiswidi sikijui.

Nilipofika, wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, udongo umewaganda viatuni.

"Masaa mawili na robo, shemeji," Hafidh akasema, tena mbele ya watu. "Tulingoja hayo, tukaongeza na mengine. Tukajua umeghairi."

Umeghairi!

"Nighairi kumuosha dada yangu? Na wewe, ulipokuwa ukimleta Siham kwangu Landani kila Idi, mlifika lini kwa masaa mawili na robo?"

Walikuwa wakiondoka kwao asubuhi, kwangu wakibisha hodi magharibi. Alijua. Alijua yote hayo, akaona bora aamini kompyuta, maana kompyuta ilimpa ruhusa ya kutoningoja.

Nikampita, nikaingia ndani. Miska, binti wa marehemu, alikuwa amekaa peke yake juu ya kitanda cha mama yake.

"Nani alimuosha?"

"Wanawake wawili wa msikitini, khalati. Watu wema. Waliniuliza jina lake."

Dada yangu ameoshwa na watu waliouliza jina lake. Nililia kwa hasira kabla sijalia kwa msiba.

Kisha nikafungua mkoba, nikamtia Miska mkononi ile karafuu maiti.

"Iweke. Siku yangu ikifika, utaniosha wewe. Waambie wanangu wa Hayes wasiniguse mpaka uingie mlangoni, hata ikiwa kesho yake."